Mashine Ilisema Si Wewe

Kaka Zakaria,

Kamwene. Nimeanza na salamu ya kwenu Wahehe ili usiseme mtoto wa Tukuyu hana adabu. Ulikuwa unanizuia pale mlangoni asubuhi mpaka niitamke vizuri, na nikikosea unanirudisha koridoni niingie upya, wagonjwa wakituangalia na kucheka. Leo nimeitamka vizuri kabisa. Nimeitamka peke yangu humu chumbani, nimekaa kwenye kiti changu kile kile kinachoyumba, kisha nikasubiri kidogo kama mjinga.

Nakuandikia kwa sababu nina hofu, na hofu zangu zote nilikuwa nakuletea wewe. Umeme ukikatika, nakimbilia kwako. Kompyuta ya mapokezi ikilia, nakimbilia kwako. Ulikuwa unasema, "Wewe Tupo, kaa chini kwanza, kitu hakijafa." Ulisema hivyo hata kwa vitu vilivyokwisha kufa. Sasa nimebaki fundi pekee wa kompyuta katika hospitali nzima. Nimekaa chini kama ulivyoniagiza, lakini hofu haijakaa.

Ulipoanguka kule Rujewa, mpunga wako ukiwa umekatwa nusu, mimi nilikuwa hapa nasubiri simu yako. Ulikuwa umeniahidi debe la mchele, ili unithibitishie kwamba mchele wetu wa Kyela hauna kitu, ni jina tu. Debe lilikuja, Kaka. Lilikuja kwenye gari lile lile lililoleta mwili wako. Mdogo wako alilishusha, akasema, "Hili alisema ni la Tupo wa kazini," akaliweka miguuni pangu katikati ya watu wanaolia. Sikujua nilishike au niliache.

Tukakuzika Kilolo. Pale msibani mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka, hali, hanywi, na kitu kimoja tu alichokisema kwa sauti ya kusikika kilikuwa hiki: "Vitu vya mwanangu msiviguse mpaka wazee wakae." Mama Msigwa, katibu wetu wa hospitali, ndiye aliyeitikia kwa niaba ya ofisi. Unamjua, akishatoa neno kwa wafiwa hulirudishi hata kwa trekta.

Basi hatukugusa. Koti lako la kahawia likabaki mgongoni mwa kiti. Kikombe chako chenye picha ya jogoo kikabaki na alama ya chai ndani. Kule nyumbani simu yako, saa yako na Biblia vikafungwa kwenye kitenge, vikawekwa sandukuni kwa mama yako kusubiri siku ya wazee. Na humu kwenye mfumo jina lako likabaki hai, pamoja na funguo zake zote, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na ruhusa ya kufungua kila kitu: mapokezi, famasia, maabara, chumba cha upasuaji. Nilimuuliza Mama Msigwa kama niifunge akaunti yako. Akaniangalia kama niliyemwomba nikamvue mtu sanda. "Wewe Tupo, kwani hiyo nayo si kitu cha marehemu? Ngoja wazee wakae." Hakuna aliyeona ajabu. Hata mfamasia, ambaye habari za kompyuta hazimpati, alisema tusiharakishe, mtu hajapoa.

Wazee wakachelewa kukaa. Baba yako mdogo aliugua, halafu alipopona mvua za kwanza zikaanza na kila mtu akawa shambani. Unawajua ndugu zako.

Kuna na lile tangazo la tanzia. Unajua tunavyofanya: picha yako nzuri ya suti, jina lako lote, kazi yako, hospitali yako, kijiji ulikozaliwa, kwaya uliyoimbia, mjane wako Imelda, binti yako Nuru na mwaka aliozaliwa. Tulilisambaza kwenye grupu la kazini, la kwaya, la ukoo, na wengine wakaliweka mtandaoni kila mtu aone, kwa mapenzi tu. Lilizunguka Iringa na Mbeya, likafika mpaka Makongolosi, na watu walilia kweli. Sasa hivi nikilifikiria tangazo lile natamani tusingelituma, kwa sababu kumbe kulikuwa na mtu mahali fulani aliyelisoma bila kulia.

Unakumbuka ulipomleta Mgambo? Uliingia na makaratasi yako, umefurahi kama mtu aliyenunua ng'ombe. Ulituambia huu ni mfumo wa akili unde wa kutulinda na wezi wa mtandaoni, kwamba haufundishwi kwa orodha ya sheria, unakaa kimya na kututazama tunavyoishi. Unajifunza nani anaingia kupitia kompyuta ipi, anaanza na nini, anabonyeza haraka au polepole, na akitokea mtu wa kwenda kinyume na mwenendo wake, unamkamata mkono. Daktari mmoja akasema hapo mwisho, "Kumbe ni mgambo," na jina likashika. Mimi nilicheka, ila tangu siku ile nilimwogopa. Sikupenda kitu kinachojua hata wewe ulikuwa ukifungua kompyuta asubuhi unaanza na ukurasa wa maabara, unautazama kidogo, halafu unaondoka kwenda chai na kuacha kila kitu wazi. Ulisema, "Tupo, hii inanijua kuliko mke wangu." Ukatafsiri mwenyewe maneno yake yote kwa Kiswahili ili Mama Msigwa naye ayasome.

Unakumbuka pia alivyomfungia nje yule daktari aliyekwenda Makongolosi kutibu wachimbaji? Aliingia kutoka kule, Mgambo hakumtambua, akamtupa nje akiwa anatafuta dawa ya mgonjwa. Ulirudi umekasirika. Ndipo ulipoweka sheria yako: mashine ishike, mtu afunge. Mgambo anaweza kumchelewesha mtu, anaweza kumwekea vizuizi mbele, lakini kumtoa kabisa mwenye cheo mpaka mmoja wetu wawili akubali. Sisi wawili tu, wewe na mimi. Hukufikiria kwamba siku moja atakayetakiwa kutolewa utakuwa wewe.

Ilikuwa asubuhi ya upasuaji wa Wifi Imelda. Ulimwacha na mimba changa, na kwa kuwa Nuru alizaliwa kwa kisu, daktari alishapanga siku. Najua jambo hilo lilikusumbua kabla hujaondoka. Ulikuwa umeshaniuliza, tukiwa tunakula mihogo pale nje, kama damu ya akiba itakuwepo, maana mara ya kwanza alivuja sana na nusura umpoteze. Basi nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha upasuaji na mama yako, nimeshika chupa ya uji. Wifi alikuwa ameshaingizwa. Alinishika kidole wakati kitanda kinasukumwa, akasema, "Wifi, usiende mbali." Nikamwambia siendi popote.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitazama. Ilikuwa imeandika: "Zakaria ameingia."

Nikwambie ukweli, Kaka, nilifurahi. Sijui ilikuwa muda gani, labda wa kuvuta pumzi tu, lakini nilifurahi kabisa, kama vile umechelewa njiani na sasa umefika. Nikataka kumwonyesha mama yako. Kisha nikasoma mstari wa pili. "Nina shaka. Mwenendo si wake."

Nikaigeuza simu isionekane. Mama yako akaniuliza, "Tupo, kuna nini?" Nikasema kompyuta tu, mama. Ningemwambia nini? Kwamba jina la mwanawe linatembea kwenye nyumba yetu na ndani yake kuna mtu mwingine? Nilimpa chupa ya uji nikakimbia, na nilipofungua mlango wa chumba chetu nilitazama koti lako kwanza, kabla ya skrini. Lilikuwa pale pale. Sijui nilitegemea kuona nini.

Kwenye skrini jina lako lilikuwa likienda kwa kasi ambayo wewe hukuwa nayo hata siku moja. Halikupitia maabara. Halikwenda chai. Lilikwenda moja kwa moja kwenye funguo, na lilikuwa likijaribu mlango baada ya mlango. Picha zote za eksirei za zamani zilikuwa zimeshapigwa kufuli la wezi wa mtandaoni, lile ambalo baadaye mtu anadaiwa fedha ili afunguliwe. Mgambo alikuwa mbele yake akimkatia njia. Alishatenga famasia. Alishatenga mapokezi. Kila yule mtu alipogeuka, Mgambo aligeuka pia, na mimi nimesimama kama mtu anayetazama mbwa wawili wakipigana uani, naogopa kuingiza mkono. Chini kabisa palikuwa na swali lako mwenyewe, kwa maneno yako mwenyewe: "Nimfunge Zakaria?" Ndiyo. Hapana.

Ungekuwa wewe ungebonyeza. Au usingebonyeza, kwa sababu wewe ndiye uliyejua kuliko wote kile nilichokikumbuka wakati ule: njia inayopeleka majibu ya maabara mpaka chumba cha upasuaji ilikuwa inatembea kwa jina lako. Uliiunganisha kwa haraka, siku ile mashine mpya ya damu ilipofika, ukasema, "Nitaihamisha wiki ijayo." Kila wiki ilikuwa wiki ijayo, Kaka. Nikikufunga, kioo cha kusomea majibu mle ndani kinazimika, na mle ndani yuko Wifi, tumbo limeshapasuliwa, na kama anavuja wanatazama kioo kile kujua damu ipi imepimwa na imekubali. Na nisipokufunga, yule mtu anaweza kufika maabara kabla yangu na kuandika anachotaka.

Mama Msigwa aliingia akihema. Mgambo alikuwa amempelekea ujumbe naye, kama katibu. Aliona swali lile kwenye skrini, akanishika mkono kwa nguvu. "Usimfunge! Nilimwahidi mama yake." Kisha akaona jina lako likisogea. Akakaa bila kujua kwenye kiti chako, juu ya koti, na alipohisi koti mgongoni aliruka kama aliyekalia moto. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Huyu ni nani, Tupo? Huyu nani kamvaa mtu wetu?"

Nilimwambia habari ya Wifi na kile kioo. Hapo akanisukuma kabisa begani. "Mtoto wa Zakaria yuko mezani. Fanya unachokijua, mimi kwa mama yake nitakwenda mwenyewe."

Nilimwambia Mgambo amcheleweshe kwa nguvu zake zote, nikakimbia. Hicho ndicho kitu kinachonirudia mpaka leo. Nilimwacha mwizi ndani ya nyumba, nikaiamini mashine nisiyoipenda impiganie kila mgonjwa tuliyenaye, ili mimi nikatafute kalamu. Kule maabara, Chaula, mpima damu wetu, alikuwa anapiga mluzi. Nikamwambia aandike kila jibu kwa mkono kuanzia sasa, aandike na kwenye chupa za damu, asiamini skrini, na chochote cha Imelda akibebe mwenyewe. Hakuuliza swali hata moja. Alichomoa kalamu nyuma ya sikio. Nikaenda mlango wa chumba cha upasuaji, muuguzi akatoa kichwa, nikamwambia kioo chao kinazimika na kabla hakijazimika wasikiamini. Akaniuliza, "Kwa muda gani?" Nikasema sijui. Mama yako alikuwa pale kwenye benchi, chupa ya uji mapajani, ananitazama. Nilipita mbele yake bila kumwangalia machoni.

Nikarudi. Mgambo alikuwa amemzuia mlango wa maabara. Amemzuia kweli, Kaka. Yule mtu alikuwa anagonga pale pale, tena na tena, kwa jina lako.

Nikabonyeza Ndiyo.

Jina lako likawa la kijivu. Pakaandikwa, "Zakaria ametolewa." Nilidhani nitapumua, lakini nilishindwa kuondoa kidole. Nilikuzika kule Kilolo na watu wote, nikatupa udongo wangu kama kila mtu, wala sikuona kama nimefanya kitu. Hapa nilikuwa mimi na kidole changu. Nilisema, "Nisamehe, Kaka," kwa sauti, na Mama Msigwa akavua miwani akaanza kulia, na tukabaki hivyo mpaka simu ya mezani ikalia.

Alikuwa Chaula. Wifi alikuwa amevuja, kama mara ya kwanza. Damu ilikuwa imefika, kila chupa ina mwandiko wake mbaya ule, na aliipeleka mwenyewe akikimbia na ndala za maabara, moja ikamtoka koridoni akaiacha. Alipokuwa anaongea nami alikuwa bado na mguu mmoja pekupeku. "Katoto kamelia," akasema. "Kamelia kwa nguvu, hata wewe huko ungesikia." Nikatoka mbio mara ya tatu. Nilimkuta mama yako amesimama, uji umemwagika miguuni, ameinua mikono yote miwili.

Wifi ni mzima. Alikaa wodini muda mrefu, lakini ni mzima. Nilipomtembelea alinifinya kidole kile kile, akasema, "Nilikwambia usiende mbali, ukaenda." Nilimwambia yote. Akauliza kama ulikuwa umevaa koti. Nadhani ilikuwa dawa ya usingizi. Au labda haikuwa hiyo.

Mtoto ana masikio yako, maskini. Jina amepewa, tena zuri, lakini hapa silitaji. Utalijua wewe kwa njia zenu. Tangu jambo hili litokee nimekuwa mtu wa kuogopa kuandika jina la mtoto popote.

Na nikueleze kwa nini. Alikuja mtaalamu kutoka Mbeya, akakaa nami siku kadhaa akisoma nyayo za wezi ambazo Mgambo alikuwa amezihifadhi. Yule mtu, au watu, walikuwa wakigonga mlango wako tangu karibu na mazishi. Walikuwa na subira, wanajaribu leo, wanaacha, wanajaribu tena kutoka mahali pengine. Walianza na jina la Wifi. Wakajaribu kijiji chako. Wakajaribu kwaya. Kisha wakajaribu Nuru na mwaka wake, na mlango ukafunguka. Kaka! Wewe uliyenigombeza mbele ya wauguzi wote kwa kutumia jina la paka wangu kama nenosiri! Nilicheka mbele ya yule mtaalamu mpaka akashangaa, halafu kicheko kikageuka, ikabidi nitoke nje nikasimame kwenye mvua.

Nikamuuliza kwa hasira, basi huyu Mgambo alikuwa wapi siku zote hizo? Akanionyesha. Alikuwa anaandika, kila mara mlango ulipogongwa. Ila onyo la akaunti yoyote linakwenda kwa mwenye akaunti kwanza, na ndivyo ulivyompanga wewe. Alikuwa anakuandikia wewe. Aliponiandikia mimi ni pale tu mtu alipokwisha kuingia.

Wazee walipopata habari walikaa wiki ile ile, hakuna tena cha shamba wala nini. Mama Msigwa alikwenda akapiga magoti kwa mama yako, akanyanyuliwa. Na mimi niliitwa, niwasaidie na simu. Wakafungua kitenge. Saa ilikuwa imesimama. Nikaichomeka simu kwenye umeme, tukaiweka juu ya Biblia, tukasubiri. Ilipowaka ikaanza kutetemeka, na haikuacha. Barua zote za Mgambo ziliingia kwa pamoja, zikisukumana, na simu ikawa inatambaa juu ya Biblia yako mpaka ikaanguka mezani, na bado inatetemeka. Mama yako alirudi nyuma na kiti chake. Baba yako mdogo, ambaye wewe mwenyewe ulisema hata simba hamwogopi, aliweka kofia kichwani akaondoka akasimama mlangoni. Nikaiokota. Zote zilikuwa zinasema kitu kimoja: "Kuna mtu anajaribu kuingia kwa jina lako. Je, ni wewe?" Na nyingine chini yake: "Je, ni wewe?" Na nyingine. Mama yako akaniuliza, "Anayemuuliza mwanangu hivyo ni nani?" Nilijaribu kueleza, Kaka. Nilieleza akili unde kwa mama yako kwa Kiswahili, nikashindwa, baba yako mdogo akajaribu kumweleza kwa Kihehe pale mlangoni, na mwisho mama yako akasema, "Basi na yeye alikuwa anamtafuta."

Nilimsamehe Mgambo siku ile. Maana kumbe nami nafanya kile kile, si unaona ninavyokuandikia.

Koti alipewa mdogo wako, yule wa debe. Anakwenda nalo shambani Rujewa, kwenye jua lile, watu wanamcheka. Kikombe cha jogoo niliachiwa mimi. Na mchele nimeupika hatimaye, siku Wifi alipotoka wodini, nikampelekea na maharage. Ni mchele mzuri, sikatai. Kyela bado inashinda.

Lakini hofu haijaisha, na sitaki kukudanganya. Zile eksirei hatujazipata. Hatujui kama walibeba nakala ya kitu kabla hatujawatoa, na mtaalamu mwenyewe alipoulizwa alikuna kichwa. Kuna wagonjwa wetu ambao siri zao huenda ziko mikononi mwa watu wasiowajua, nao wanakuja dirishani wananisalimia vizuri tu, na mimi nashindwa kuwatazama. Yule mtaalamu alisema pia kwamba na wao wana akili unde yao, aina ile ile ya Mgambo, ndiyo iliyowapangia majina ya kujaribu, na kwamba sauti ya mtu siku hizi inaigizwa kwa dakika chache tu za kurekodi. Sauti yako iko kwenye grupu la kwaya, Kaka, nyimbo kwa nyimbo. Tangu hapo namba nisiyoijua ikipiga napokea nikiwa nimeshika ukuta.

Na bado wanarudi. Mlango umefungwa, mimi mwenyewe nimeufunga, lakini wanakuja wanagonga. Mgambo sasa ananiandikia mimi. "Mtu anatumia jina la Zakaria. Si yeye." Mtaalamu alitaka tufute na kumbukumbu ya mwenendo wako, nikakataa. Nilimwambia ndiyo inayomsaidia Mgambo kuwatambua, na ni kweli, ila si hiyo tu. Kila ujumbe ukiingia moyo unaruka kwenye jina, kabla macho hayajafika mwisho wa mstari. Nimeshajizoesha kusoma mpaka mwisho.

Basi nikuage, mvua imekatika na mapokezi wananiita. Nakuahidi mambo haya. Njia ya maabara nimeihamisha, haitembei kwa jina la mtu yeyote tena. Picha ya mtoto wako haitapita kwenye grupu lolote mimi nikiwepo, hata mama yako anune. Nimempa Mama Msigwa neno langu kwa mdomo, naye kaitikia kama alivyomwitikia mama yako: siku nikifa, nifungwe siku hiyo hiyo, kabla hata ya kufunga turubai. Alinitemea mate kidogo kifuani ili nisife, halafu akakubali.

Na yeyote atakayekuja kwa jina lako nitamfungia, Kaka, hata akija na sauti yako, hata akiimba. Nitaogopa, lakini nitamfungia. Kwa hiyo siku ukitaka kuja kweli, nakuomba sana, usipitie kwenye mashine. Njoo pale mlangoni, nizuie nisiingie, unidai salamu. Mimi nitaijibu vizuri.

Mdogo wako,
Tupo